BOLTI YA SILINDA HEDI INAPOKATIKA: MAMBO YA KUFANYA NA MAMBO YA KUEPUKA



Msimu mmoja wa masoko ya tumbaku, mwandishi wa makala hii aliitwa Ipole kutazama gari la chama kimoja cha msingi. Lilikuwa gari dogo la mizigo lenye injini ya dizeli ya silinda nne. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, boneti wazi, na lilikuwa na siku tatu halijasogea. Marobota ya wakulima yalikuwa bado vitongojini yakingoja kukusanywa, na siku ya soko ilikwisha kutangazwa.

Dereva alieleza kwamba kwa muda wa majuma mawili rejeta ilikuwa ikipungukiwa na maji, naye alikuwa akiongeza kila asubuhi bila ya kumwambia mtu. Hatimaye injini ikapata joto mno. Fundi aliyeitwa alidhani kwamba dawa ni kukaza bolti za silinda hedi. Alichomeka bomba katika mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta, na bolti moja ikakatika. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo wengi wetu tumepata kuyasikia: “Bolti moja kati ya kumi na nane haina neno. Washeni, twende Tabora polepole.”

Wajumbe wa bodi waligawanyika. Baadhi yao walitaka gari liondoke siku ile ile, kwa kuwa tumbaku haingoji. Wengine waliogopa. Makala hii yaeleza kwa nini wale walioogopa walikuwa na haki, na jinsi kazi hii inavyopasa kufanywa, ili chama kingine kikipatwa na mkasa huu kisipoteze injini nzima kwa sababu ya bolti moja.

KAZI YA BOLTI HIZI

Injini ina sehemu mbili kubwa. Ya chini huitwa bloku, nayo ndiyo yenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ya juu ni silinda hedi, ambayo ni kifuniko cha silinda hizo na ndimo zilimo valvu. Katikati yake hulazwa gasketi nyembamba inayozuia mambo matatu yasichanganyike: moto wa silinda, maji ya kupoza injini, na oili. Bolti za hedi hupita katika kifuniko na kushika hesi zilizomo ndani ya bloku, zikiibana gasketi kwa nguvu kubwa.

Nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani? Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha milimita 90. Eneo la uso wake ni kama sentimita za mraba 64. Dizeli inapowaka, msukumo waweza kufikia kilo 80 kwa kila sentimita ya mraba, na katika injini nyingine huzidi hapo. Zidisha 64 kwa 80, utapata kilo 5,120. Maana yake ni kwamba kila silinda inapowaka, hedi husukumwa juu kwa uzito unaozidi tani 5. Na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, jambo hilo hutokea mara 1,000 kwa dakika katika kila silinda. Kwenda polepole hakuondoi nguvu hiyo. Huipunguza tu na kupunguza idadi ya mapigo yake.

Katika njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Alipougua njiani, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, nao wakaenda wakilemewa zaidi. Bolti nazo ni hivyo hivyo. Moja ikikatika, jirani zake huchukua mzigo wake, nazo zilikwisha kukazwa karibu na ukomo wa nguvu zao. Tena mpagazi aweza kupumzika kambini. Bolti haina kambi. Upande ule uliolegea gasketi huanza kupitisha moto. Moto huo huiunguza gasketi, kisha hula uso wa hedi yenyewe, na mwisho maji huingia ndani ya silinda. Ndipo tengenezo lililohitaji bolti na gasketi linapogeuka kuwa hitaji la injini nyingine.

KWA NINI BOLTI HUKATIKA

Bolti ya hedi ni kama springi ngumu. Inapokazwa hunyooka kidogo sana, na ule utashi wake wa kutaka kurudi katika urefu wake ndio unaobana. Ikinyooshwa kupita kiasi hairudi tena. Hupungua unene mahali pamoja, kisha hukatika. Sababu zinazoonekana mara nyingi ni hizi:

1. Kukaza bila kipimo. Bomba lililochomekwa katika spana humpa fundi nguvu nyingi, lakini humwondolea hisia ya mkono.

2. Injini kupata joto mno. Hedi nyingi siku hizi ni za alumini, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka, hedi huvimba na kuzivuta bolti kuliko ilivyokusudiwa.

3. Kutumia tena bolti zilizochoka. Injini nyingi za miaka ya karibuni zina bolti zilizotengenezwa zinyooshwe mara moja tu. Zikifunguliwa, hapana budi zinunuliwe mpya zote.

4. Kutu. Maji matupu ya kisima au ya mto, yasiyotiwa dawa ya kuzuia kutu, hushambulia bolti na njia za maji.

5. Oili au maji yaliyobaki chini ya tundu la bolti. Kiowevu hakisongeki. Bolti ikishuka juu yake hukwama kabla ya kuibana hedi, na ikilazimishwa yaweza hata kupasua bloku.

Ni vema katibu azijue sababu hizi, kwa kuwa kuondoa kipande kilichokatika bila ya kuondoa kilichokikata ni kuandaa ajali ya pili. Katika gari lile la Ipole maji yalikuwa yakipotea kabla bolti haijakatika. Bolti haikuwa ugonjwa. Ilikuwa matokeo ya ugonjwa, pamoja na ya tiba mbaya.

HATUA ZA KUONDOA KIPANDE

Kwanza, injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Hedi ya alumini ikifunguliwa ingali na joto hupinda. Waya za betri zifunguliwe, maji na oili vimwagwe katika vyombo safi. Bolti zilizo nzima zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, kwa mizunguko miwili au mitatu, wala si kufungua moja hadi mwisho na kuhamia nyingine.

Pili, itazamwe mahali bolti ilipokatikia. Ikiwa imekatika kichwani, hedi itanyanyuka na mwili wa bolti utabaki umesimama juu ya bloku. Hapa watu wengi hukimbilia nyundo na moto pasipo haja. Bolti iliyokatika imekwisha kupoteza mvuto wake; haibani tena kitu chochote. Mara nyingi kinachoishika ni uchafu na kutu tu, na koleo la kubana huweza kuizungusha kwa urahisi. Jaribu la upole litangulie jaribu la nguvu.

Tatu, kabla ya kugusa kipande kilichobaki, silinda zote na njia zote za oili na maji zizibwe kwa vitambaa safi vilivyopakwa grisi. Unga wa chuma ukianguka ndani ya silinda utakwaruza kuta zake, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ile ya bolti.

Nne, ikiwa kipande kimekwama, kitiwe mafuta mepesi ya kupenyeza, kigongwe taratibu kwa nyundo ndogo ili kutu itikisike, kisha kiachwe saa kadhaa na kutiwa tena. Fundi asiye na subira ndiye anayevunja vifaa.

Tano, kuna msaada ambao wakazi wa Tabora wanao karibu kuliko watu wengi, nao ni nta ya nyuki. Bloku ya chuma cha kumimina yaweza kupashwa joto kwa taratibu kandokando ya tundu. Moto ukiisha kuondolewa, kipande cha nta hugusishwa penye bolti. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi. Ikikuta chuma chenye joto huwa nyepesi kama maji, nayo hunyonywa ndani ya upenyo wa hesi mahali ambapo oili nzito haifiki. Kisha bolti huzungushwa mbele na nyuma kidogo kidogo. Jambo hili lifanywe mara mbili au tatu. Ila ikumbukwe kwamba nta na mafuta huwaka: moto usikaribie wakati wa kuvitia, na chombo cha mchanga kiwe karibu.

Sita, ikiwa kipande kiko sawa na uso wa bloku au chini yake kidogo, nati huwekwa juu yake na kulehemiwa kwa ndani ya tundu la nati hiyo. Joto la kulehemu hulegeza kutu, na nati humpa fundi mahali pa kushika kwa spana. Iachwe ipoe kidogo kabla ya kuzungushwa. Nati ikibanduka, irudiwe. Si ajabu kuirudia mara tatu au nne. Katika gari lenye kompyuta ya injini, plagi za kompyuta hiyo zichomolewe kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ufungwe karibu na mahali pa kazi.

Saba, njia ya mwisho ni keekee. Uso wa bolti iliyokatika huwa hauna usawa, hivyo biti hupenda kuteleza kuelekea pembeni, ambako chuma cha bloku ni laini kuliko bolti. Kwa hiyo usawazishwe kwanza, kisha alama ya katikati ipigwe kwa uangalifu. Ikiwa kipande kiko chini sana, fundi wa mashine ya kukerezea atengeneze bomba fupi linaloingia barabara katika tundu, lenye tundu dogo katikati la kuongoza biti. Kuanzwe na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, mafuta yakitiwa, kisha kuongezwe ukubwa hatua kwa hatua. Kwa bolti ya milimita 12, kusizidishwe milimita 10. Gamba linalobaki huweza kubanduliwa bila kuzigusa hesi za bloku.

Hapa twatoa onyo. Kiko kifaa cha kutolea bolti, chuma kigumu chenye hesi ya kushoto, ambacho huchomekwa katika tundu lililotobolewa na kuzungushwa kinyume. Ni kifaa chema kwa bolti iliyolegea, lakini ni hatari kwa bolti iliyoshikwa na kutu. Mwandishi mwenyewe alipata kukivunja ndani ya bolti kwa kuongeza nguvu mara moja tu zaidi ya ilivyopasa. Chuma hicho ni kigumu kuliko biti za kawaida, hakitoboki, na bloku nzima ilibidi ing'olewe na kusafirishwa kwenye karakana kubwa. Tangu siku hiyo ameshika kanuni moja: kifaa hiki kikikataa kwa nguvu ya mkono mmoja, kitolewe, na kazi irudie kwenye joto na nta.

KUREJESHA INJINI

Kipande kikiisha kutoka, kazi haijakwisha. Matundu yote ya bolti yasafishwe. Bolti ya zamani iliyokatwa mifereji miwili kwa msumeno, toka ncha kuelekea juu, hufaa sana kwa kukokota uchafu ulio katika hesi. Baadaye yapulizwe kwa upepo hadi yawe makavu, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Ikiwa hesi za bloku zimeharibika, zitiwe koili ya hesi mpya yenye ukubwa ule ule wa bolti. Kulazimisha bolti nene zaidi, au kujaza gundi ya chuma, ni kujidanganya. Hakuna gundi itakayohimili tani zile.

Uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachosema upindaji unaoruhusiwa. Katika injini nyingi hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, nao ni unene wa karatasi ya kawaida. Ikizidi hapo, hedi ipelekwe kusawazishwa. Gasketi iwe mpya daima.

Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, ile ambayo mafundi huiita toki renchi, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa hatua zilizoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Kipimo cha injini moja kisitumiwe kwa nyingine kwa kuwa zinafanana. Injini iwashwe, ifikie joto lake la kazi, ikaguliwe kama maji yanapungua au mapovu yanatokea katika rejeta, na ikaguliwe tena baada ya safari fupi.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Kutoka Tabora mpaka Sikonge ni kama kilomita 70, na Ipole iko mbele zaidi kusini, mahali barabara zinapogawanyika, moja ikielekea Koga na Mpanda, nyingine Rungwa na Mbeya. Gari likiharibika huko, shauri la haraka hupata wafuasi wengi. Ndiyo maana yafaa bodi iwe na utaratibu kabla ya siku ya shida.

Dereva aandike kila siku kiasi cha maji na oili alichoongeza. Maji yanayopungua kila asubuhi ni habari ya kupelekwa kwa katibu, wala si siri ya dereva. Kama daftari hilo lingalikuwako Ipole, injini ingalifunguliwa juma la kwanza, na pengine gasketi peke yake ingalitosha.

Kabla kazi haijaanza, fundi na chama wapatane kwa maandishi: nini kitafanywa, vipuri gani vitanunuliwa, na nani atabeba gharama kifaa kikivunjikia ndani ya bloku. Fundi aulizwe maswali matatu mepesi. Je, una spana ya kipimo? Je, unakijua kipimo cha injini hii? Je, bolti hizi zaruhusiwa kutumika tena? Asiyeweza kuyajibu asiguse injini ya wanachama, hata kama ni ndugu yetu. Vipuri vya zamani virudishwe ofisini pamoja na stakabadhi, ili kamati ya usimamizi ivione kwa macho.

Na jambo kubwa kuliko yote: usafirishaji wa mazao utengwe na matengenezo ya gari. Maadamu wakulima wanangoja, kila mtu humhimiza fundi, na fundi anayehimizwa huchomeka bomba katika spana.

MWISHO WA MKASA WA IPOLE

Bodi ile iliamua kukodi gari jingine kwa kukusanya marobota. Fedha hizo ziliwauma, na mjumbe mmoja alisema wazi katika mkutano kwamba wanachama watauliza. Lakini tumbaku ilifika sokoni kwa siku yake, nasi tukapata nafasi ya kufanya kazi bila haraka. Kipande kilikuwa kimekatika milimita chache chini ya uso wa bloku. Siku ya kwanza kilikataa. Siku ya pili, baada ya nta kutiwa mara tatu na nati ya pili kulehemiwa, kilizunguka robo mzunguko, kikarudi, kisha kikatoka kizima. Hesi za bloku zilikuwa salama.

Hedi ilipopimwa ilionekana imepinda, na gasketi ilikuwa imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakipotea siku zote. Hedi ilipelekwa Tabora kwa basi, ikasawazishwa, ikarudi pamoja na gasketi mpya na bolti mpya kumi na nane. Laiti gari lingaliwashwa siku ile ili liende polepole, mahali palipoungua pangalizidi kuliwa, na pengine tusingekuwa na hedi ya kusawazisha.

Katika mkutano mkuu wanachama waliuliza kweli, kama mjumbe yule alivyotabiri. Katibu alisimama na daftari mkononi, akasoma gharama moja moja, kisha akaiweka mezani ile bolti iliyokatika pamoja na gasketi iliyoungua, vikapitishwa mkono kwa mkono. Hakukuwa na swali la pili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila chama chenye gari kianze daftari lake la maji na oili leo, wakati injini ingali nzima.